Kuhesabu mashimo meusi yaliyojificha

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setelaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kuchunguza anga kwa eksirei, na jina lake likawa Uhuru. Miongoni mwa vyanzo ilivyovinasa ni NGC 4151, galaksi ya jirani ambayo katikati yake shimo jeusi linameza gesi.

Galaksi za aina hiyo ziko nyingi, ila nyingine zimefunikwa. Gesi na vumbi vinavyozunguka kiini humeza eksirei zenye nguvu ndogo, kwa hiyo anayehesabu kwa eksirei hizo huhesabu zilizo wazi tu. Dawa ni kupanda kwenye eksirei zenye nguvu zaidi, kupita kilo-elektronivolti (keV) 14, ambako pazia la kawaida halizuii kitu.

Kazi hiyo ilifanywa na chombo kilichoundwa kwa shughuli nyingine kabisa. Setelaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, inawinda milipuko ya mionzi ya gama. Chombo chake cha BAT hakina kioo wala lenzi. Juu kuna bamba la vigae vya risasi takribani 52,000 vilivyotawanywa ovyo kwa makusudi, chini kuna vihisi 32,768. Kila chanzo angani hutupa kivuli cha vigae hivyo kwenye vihisi, na kompyuta hupima kivuli kimesogea wapi ili kujua mionzi imetoka upande gani. BAT huendelea kurekodi hata isipotokea mlipuko, na miezi 70 ya kungoja ikazaa ramani ya anga zima. Data zenyewe hushuka kupitia kituo cha Malindi, jambo linalonifurahisha sana.

Hata hivyo, pazia likizidi atomu trilioni 1.5 mara trilioni kwa kila sentimita mraba, hata BAT hupoteza sehemu kubwa ya mionzi. Mwaka 2015 mwanaastronomia Claudio Ricci na wenzake walipata katika ramani hiyo viini 55 vya namna hiyo, kama asilimia 7.6 ya viini walivyochunguza. Hawakuishia hapo. Kwa kila unene wa pazia walikadiria mwanga unaopotea, kisha wakarudisha kwenye hesabu vile ambavyo BAT isingeweza kuviona. Jibu likapanda hadi takribani asilimia 27.

Mimi naiamini njia hiyo, lakini umbo la pazia ndilo linaloamua ukubwa wa sahihisho, na umbo hilo limekisiwa. Agosti 2014 darubini ya NuSTAR iliona eksirei za NGC 1068, galaksi iliyofunikwa mno, zikiongezeka juu ya keV 20, kisha zikapungua baadaye. Maelezo yanayokubalika ni kwamba upenyo ulifunguka kwa muda kati ya mawingu. Pazia la mawingu yanayotembea halipitishi mwanga sawa na pete laini ya gesi, na hesabu zijazo inabidi zianzie hapo.