Kititia, Vidaka na Mabuyu

Panapoota mnazi, mtoto hakosi cha kuchezea. Kakuyuni, mojawapo ya wadi 5 za eneobunge la Malindi, iko bara kidogo kutoka baharini, lakini minazi ipo, na miembe, mikorosho na mibuyu pia. Kwenye miti hiyo watoto huokota vya kuchezea na vya kutafuna bila mzazi kutoa hata shilingi.

Kititia ndicho kinachostahili kusifiwa kwanza. Ukuti mbichi huchanwa, ujukuti wake ukatolewa na kuwekwa kando, kisha vipande viwili vya jani hukunjwa na kupitishwa kimoja ndani ya kingine mpaka yatokee mabawa manne. Hapo ndipo penye kazi. Mkunjo ukilegea, mabawa yanafunguka. Ukikazwa mno, jani linapasuka kufuata mishipa yake. Ule ujukuti uliowekwa kando sasa huchomekwa katikati, ncha yake ikazungushiwa kifundo cha ukuti ili mabawa yasichomoke, na mtoto anatimua mbio kuukabili upepo. Kusi likivuma, hata mbio si lazima.

Baada ya siku mbili jani limekauka, limejikunja, halizunguki tena. Wapo watakaoiona hiyo kuwa kasoro, na hapo wanakosea. Mtoto mwenye gari la plastiki analitumia mpaka livunjike, basi. Wa kititia hurudi mnazini kila mara, na kila anaporudi vidole vyake vimekuwa vyepesi zaidi.

Chini ya mnazi huohuo pana vidaka, yaani nazi changa. Huanguka vyenyewe, vingine kwa ukame, vingine kwa kufyonzwa na kunguni wa minazi, mdudu anayewatia hasara wakulima wa pwani. Mtoto hukichomeka kimoja vijiti vinne akapata ng'ombe, au akaviunganisha viwili kwa ujukuti vikawa magurudumu. Vifuu navyo ni sufuria za kupikia wali wa mchanga.

Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini mwaka 2019, kuanzia chekechea, wazazi wengi walilalamika kwamba kazi za mikono zinawamalizia fedha kwa manila, gundi na rangi. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini penye mnazi, mwalimu anayeagiza manila ili watoto wajifunze kukunja na kusuka amepita kando ya darasa lililo tayari, na bibi anayejua kusuka mpira wa ukuti wenye pembe kama kisanduku angefaa kualikwa shuleni japo asubuhi moja.

Ufundi huu hubadilika pia. Zamani mpira wa mtaani ulikuwa wa juala, ukafungwa kamba juu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Agosti 28, 2017, juala zikaadimika. Matambara na majani makavu ya mgomba yangalipo; mpira wake haudundi sana, ila huchezeka.

Kayamba ndogo ya matete inahitaji uangalifu. Ndani yake watu huweka turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, kwa sababu hulia vizuri. Turituri zina sumu kali, na mbegu iliyopasuka au kutafunwa inaweza kuua. Kayamba ya mtoto itiwe choroko au mahindi.

Halafu mabuyu, ambayo yana mashabiki hata kati ya watu wazima. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, na watu wakapaza sauti. Kwa watoto wa huku, mbuyu mmoja kuondoka ni vitafunio vya vizazi kupotea. Buyu hupasuliwa, nyuzi zikatolewa, mbegu zikabaki na unga wake wenye vitamini C nyingi. Sukari na maji kidogo huchemshwa mpaka shira inate, ikatiwa rangi, iliki na chembe ya chumvi, kisha mbegu humiminwa na kukorogwa kwa moto mdogo mpaka zote zivae shira. Kazi ya jikoni ni ya mama. Kupasua buyu kwa jiwe ni ya watoto, nao huigombania. Pilipili huja mwisho, kidogo sana kwa wadogo. Wa miaka minane wataomba iongezwe.