Mawindo, Subira na Kimya katika Green Hills of Africa

Mawindo katika fasihi hutazamwa aghalabu kwa upande wa tendo: mshale unaofyatuliwa, mkuki unaorushwa, mnyama anayeanguka. Hata hivyo, kila aliyepata kuwinda au kukaa na wawindaji anafahamu kwamba tendo hilo ni sehemu ndogo mno ya kazi yenyewe. Sehemu kubwa ni kukaa. Mwindaji hukaa kichakani akiotea, hukaa kivulini wakati wa jua la utosi, hukaa kando ya moto akingojea kupambazuke. Mwandishi anayedai kuyaeleza mawindo kwa ukweli hana budi basi kuulizwa: muda huo mrefu wa kungojea ameufanyia nini, na amempa nani?

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kuhusu Green Hills of Africa, kitabu cha Mmarekani Ernest Hemingway kilichotolewa mwaka 1935. Ni masimulizi ya safari ya mawindo ambayo Hemingway aliifanya katika Kenya na Tanganyika tangu mwishoni mwa 1933 hadi mapema 1934, akiongozwa na mwindaji Philip Percival, ambaye kitabuni anaitwa Pop. Katika dibaji mwandishi anaeleza kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, ili ionekane kama sura ya nchi na mambo ya mwezi mmoja, yakielezwa kwa uaminifu, yanaweza kushindana na kazi ya kubuni. Kipimo hicho amekiweka mwenyewe; ni haki apimwe nacho.

Kitabu kinaanza kwa kungojea. Msimulizi na wasaidizi wake wamekaa katika kificho cha matawi kilichojengwa na wawindaji wa Kindorobo kando ya mahali ambapo wanyama huja kulamba chumvi. Wanamngojea tandala mkubwa dume. Siku kumi zimepita bila kuonekana dume aliyekomaa, zimebaki siku tatu tu, na mvua zinazidi kusogea kaskazini kutoka Rhodesia. Ghafla lori linapita barabarani kwa kishindo, na matumaini ya jioni ile yanakwisha. Hapana shaka kwamba huu ni ufunguzi wa fundi. Msomaji anauhisi muda kama mzigo kabla hajamwona mnyama hata mmoja.

Lakini mara baada ya hapo muda wa kungojea unajazwa kwa jambo jingine. Mwenye lori ni Mwaustria, Kandisky, ambaye gari lake limeharibika njiani. Anapolisikia jina la Hemingway anamtambua kuwa ni mtunzi, na tangu hapo mazungumzo ni ya fasihi: washairi wa Kijerumani, waandishi wa Marekani, Mark Twain na Huckleberry Finn, mambo yanayomharibu mwandishi. Maoni hayo yamekuwa maarufu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Baadaye, katika saa za joto, wakati mawindo yamesimama, msimulizi ana kitabu mkononi. Ni juzuu ya Tolstoy yenye habari za Sevastopol, na ndani ya juzuu hiyo hiyo anasoma hadithi ya The Cossacks. Anaisifu. Anasema kwamba kwa kuisoma anaishi tena katika Urusi ile, penye joto la kiangazi, mbu, msitu na mto. Mwili umelala Tanganyika; roho inatembea Kaukasi.

Hadi hapa hakuna la kulaumiwa. Mtu ana haki ya kuupisha muda wake apendavyo, na kitabu ni sahibu mwema wa mwenye kungojea. Lakini msimulizi hakungoja peke yake. Karibu naye kila siku wamo M'Cola, mbeba bunduki. Charo, mbeba bunduki wa pili. Na wasasi wawili ambao msimulizi amewabandika majina ya utani. Mmoja anamwita Droopy kwa sababu ya kope zake zilizolegea. Mwingine, mvaaji wa manyoya ya mbuni kichwani, anamwita Garrick, jina la mwigizaji wa Uingereza wa karne ya 18, kwa kuwa anachukizwa na mbwembwe zake. Watu hawa ndio wenye macho yanayomtangulia, ndio wanaozijua nyayo na upepo. Nao pia walingoja siku zile kumi. Walizipisha kwa nini? Walisemezana nini pale kivulini, mzungu akisoma?

Kitabu kinajibu kidogo mno. Msimulizi anaona wanavyotembea, wanavyocheka, wanavyokunja nyuso, na anaona vizuri. Kuhusu M'Cola anaeleza kwa makini mambo yanayomchekesha: fisi anapopigwa risasi, ndege wanapokoswa, pombe ya bwana, dini za watu. Huyu ni mtu anayeonekana barabara. Lakini kuonekana si kusikika. Katika kitabu ambacho wageni wawili wanajadili fasihi kwa kurasa nyingi, mwindaji mzoefu kuliko mwandishi mwenyewe hapewi hata aya moja ya kueleza anachowaza anapokaa kichakani.

Sababu ya kwanza ni lugha. Maneno ya Kiswahili yaliyotapakaa kitabuni yanastahili kuchunguzwa kwa sababu yanaonyesha mipaka ya ujuzi wa msimulizi. Tandala anaandikwa “tendalla”, kifaru “faro”, dume “doumi”. Mnyama jike anaitwa “manamouki”, yaani mwanamke, neno ambalo Kiswahili fasaha huliweka kwa binadamu. Hiki ni Kiswahili cha safari, ndugu wa kile kilichoitwa Kisetla huko Kenya: lugha iliyokatwa viambishi na ngeli, ikabakizwa ya kuamrishana na kuonyeshana. Ikichunguzwa kwa maana, akiba hiyo kwa sehemu kubwa ni ya majina ya wanyama, jinsia yao, ukubwa wao, uzuri na ubaya, ndiyo na hapana. Ni maneno ya ile dakika mnyama anapotokea; ni lugha ya kidole. Kwa saa nane za kukaa kabla ya dakika hiyo haina msaada mkubwa.

Kiswahili chenyewe hakikosi maneno ya saa hizo. Kuna kungoja, ambako mtu hufanya akiwa na subira au hana. Kuna kusubiri, ambako ndani yake mna sifa ya tabia. Kuna kuotea na kuvizia, ambako ni kungoja kwa mwenye silaha. Kisha kuna kuzungumza. Katika kamusi za zamani kitenzi hiki hakikuwa na maana ya kusemezana tu, bali pia ya kujiburudisha na kuupisha wakati pamoja na wenzi. Kwa desturi ya lugha hii, basi, mazungumzo na kuupisha muda ni jambo moja. Wanaongoja pamoja huzungumza. Anayeikosa lugha hupungukiwa na ujirani pia, hata akiwa ameketi bega kwa bega na mwenzake.

Inaweza kujibiwa kwamba mawindo yanadai kimya. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, wahenga walisema, na katika kificho hakuna wa kupiga soga. Jibu hilo ni la kweli kwa nusu. Kimya kinahitajika kichakani. Hakihitajiki kivulini mchana wala motoni usiku. Tena, kimya cha nje hakimzuii mwandishi kuieleza fikira ya ndani. Ushahidi wa jambo hili umo katika kitabu kile kile ambacho Hemingway alikuwa akikisoma.

The Cossacks, iliyotolewa mwaka 1863, inamhusu Olenin, kijana wa Kirusi wa tabaka la juu, anayekwenda Kaukasi na kuishi katika kijiji cha Makozaki. Anafanya urafiki na mzee Eroshka, mwindaji mkongwe. Katika sehemu moja Eroshka anamweleza Olenin jinsi anavyokaa usiku peke yake mtoni akiwavizia nguruwe mwitu. Siku moja, anasimulia, aliona susu ya mtoto ikielea majini, imevunjika upande mmoja. Akaanza kuwaza: ni ya nani? Akaona moyoni mwake kijiji kilichovamiwa na askari, mtoto aliyeuawa, nyumba iliyochomwa, na mwanamume atakayeshika bunduki kuja kulipiza kisasi. Kisha anasimulia jinsi nguruwe jike alivyomnusa na kuwaonya watoto wake kwamba pana mtu, wakakimbia. Olenin anashangaa: mnyama atawaambiaje watoto wake? Mzee anamjibu kwamba mnyama si mjinga. Binadamu anataka kumwua, naye anataka kutembea mwituni akiwa hai, na kila mmoja ana sheria yake.

Hapa kungojea hakukujazwa kwa kitu kutoka nje. Kumegeuzwa kuwa chemchemi ya fikira juu ya vita, watoto, haki ya mnyama na haki ya mwindaji. Aliyepewa fikira hizo ni mwenyeji, mzee asiye na elimu ya vitabu, na kijana msomi ndiye anayeuliza na kusikiliza. Tolstoy alikuwa na faida ambayo Hemingway hakuwa nayo: yeye na Makozaki walisema Kirusi. Lakini faida hiyo haielezi yote. Hemingway aliisoma hadithi hii na akaipenda, na anachokitaja katika kuisifu ni joto, mbu, msitu na mto. Aliiona nchi. Somo lililomkaribia zaidi, kwamba mwindaji mwenyeji ana kungoja kwake kunakostahili kusimuliwa, halikuingia katika sifa zake wala katika kitabu chake.

Haki inataka lakini itajwe sehemu moja ambapo kitabu kinaushinda udhaifu huu. Charo ni Mwislamu mcha Mungu, mwenye jina linalosikika sana miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na safari imeangukia Ramadhani. Jambo hili linaafikiana na kalenda, kwani Ramadhani ya mwaka 1352 wa Hijra ilianza katikati ya Disemba 1933. Msimulizi anaeleza kwamba mchana kutwa Charo hamezi hata mate. Fikihi haisemi kwamba kumeza mate yako kunabatilisha saumu, ila wako wanaojitahadhari hivyo. Jua linapokaribia kutua, Charo anaishikashika chupa yake ya chai, akilitazama jua. M'Cola anamtazama Charo huku akijifanya hatazami. Msimulizi anawatazama wote wawili, anamgusa Charo, Charo anatabasamu. M'Cola anamtolea msimulizi chupa ya maji. Anakataa, na Charo anatabasamu tena. Kisha jua linatua, na Charo anakunywa.

Sehemu hii ni fupi, lakini ndiyo kungojea kulikoelezwa vizuri kuliko kote kitabuni. Watu watatu wanaongoja kitu kimoja, kila mmoja kwa namna yake: mmoja kwa imani na kiu, wa pili kwa dhihaka aliyoifunika, wa tatu kwa huruma. Mnyama hayumo. Bunduki haina kazi. Msimulizi, ambaye mahali pengine muda wake wa kungoja ni mali yake mwenyewe, hapa anaingia katika kungoja kwa mtu mwingine, na anakataa maji ili asimuumize. Ni kweli kwamba anapoifasiri saumu ile anaiona kwa sehemu kama fasheni ya watu wenye cheo, na hapo mwenye kuijua magharibi ya Ramadhani atatikisa kichwa. Lakini tendo lake ni la adabu kuliko fasiri yake.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika tukio hili hakuna neno lililohitajika. Macho, chupa na tabasamu vilitosha. Hii ndiyo siri ya nguvu na udhaifu wa kitabu. Mahali ambapo binadamu huelewana bila maneno, Hemingway ni shahidi mwaminifu, pengine asiye na mfano miongoni mwa wageni walioandika habari za mawindo ya nchi hizi. Mahali ambapo maneno yanahitajika, shahidi huyu ni kiziwi. Kitabu kinatimiza nusu ya ahadi ya dibaji: sura ya nchi ni ya kweli, mambo ya mwezi ule ni ya kweli kwa mtu mmoja kati ya wengi waliokuwapo.

Hasara ya nusu iliyokosekana si ya Hemingway pekee. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania uwindaji wa leseni umeendelea, lakini wasasi na wabeba bunduki wa kizazi cha M'Cola na Charo wamekwisha kufa. Vitabu vya mabwana zao vimejaa rafu za maktaba. Soga zao za kivulini hazimo ndani yake. Kwa hiyo mwalimu anayekisomesha kitabu hiki katika vyuo vya Afrika Mashariki asiishie kwenye hukumu kwamba mwandishi alikuwa mgeni na mkoloni wa fikira. Hukumu hiyo ni rahisi, na haimfundishi mwanafunzi kusoma. Amtake mwanafunzi aifuate kila saa ya kungojea iliyomo kitabuni, aandike nani anasema na nani ananyamaza, kisha aende kwa wazee wa kwao waliobaki, wawe Waakamba, Waokiek au Wamijikenda, awaulize walizungumza nini walipokuwa wakingoja.