Zana za Mfupa na Neno "Duni"

Katika masomo ya historia tunayowafundisha vijana wetu limo neno moja lililozoeleka mno hata halitiliwi shaka na mtu, nalo ni neno "duni". Husemwa kwamba mtu wa kale alitumia zana duni. Na likishasemwa hilo, somo huhamia kwenye moto, kisha kilimo, kisha chuma, kana kwamba maelfu ya karne yaliyotangulia yalikuwa baraza ya kungojea tu. Nia yetu hapa ni kulihoji neno hilo, na shahidi tutakayemwita si jiwe, bali mfupa.

Tunamwita mfupa kwa sababu jiwe limekwisha kupewa heshima yake, tena kupita kiasi. Jina la Zama za Mawe ni jina la kilichosalia, wala si jina la kila kilichotumika. Jiwe haliliwi na mchwa wala haliozi. Mti huoza, ngozi huoza, na mfupa nao, usipofunikwa mapema na udongo unaoufaa, husagika ukawa vumbi. Kumwita mtu huyo "mtu wa mawe" ni sawa na kumwita mpishi "mtu wa mafiga", kwa kuwa mafiga ndiyo yaliyoonekana baada ya nyumba kubomoka.

Basi na tutazame lililopatikana Olduvai, katika eneo la Ngorongoro, bonde ambalo Wamaasai hulitaja kwa jina la mkonge mwitu, oldupai, unaoota huko. Mnamo Machi 2025 jarida la Nature lilichapa taarifa ya watafiti walioongozwa na Ignacio de la Torre, miongoni mwao wakiwamo Watanzania Jackson Njau na Ipyana Mwakyoma. Walieleza zana 27 za mfupa zilizofukuliwa mahali pamoja, penye umri wa miaka milioni 1.5. Si kwamba hapakuwa na dalili kabla ya hapo. Mary Leakey alikwisha kuandika mwaka 1971 kwamba baadhi ya mifupa ya bonde hilohilo ilichongwa, lakini vipande vyake vilitoka sehemu na tabaka mbalimbali, na wataalamu wakabishana kwa miaka mingi. Zana za mfupa zilizotengenezwa kwa mfululizo, kwa mtindo mmoja, zilijulikana tu katika nyakati za karibu zaidi, takriban miaka 500,000 iliyopita. Taarifa hii imeirudisha kazi hiyo nyuma kwa miaka milioni moja.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asiharakishe. Mifupa iliyotumika ni ya miguu ya wanyama wakubwa, hasa tembo na kiboko, ambayo kuta zake ni nene na hustahimili pigo. Baadhi ya zana hizo ni ndefu hadi sentimita 38, yaani zaidi ya rula ya mwanafunzi. Mfupa uliwekwa sawa, ukapigwa kwa nyundo ya jiwe ukingoni, kibanzi kikabanduka. Ukageuzwa, ukapigwa tena kando ya kovu la kwanza, mpaka upande mmoja ukapata makali au ncha. Mfupa haupokei pigo kama jiwe linavyolipokea: una nyuzi, una mwelekeo, na ukiwa mbichi hupasuka kwa namna moja, ukikauka hupasuka kwa namna nyingine. Aliyezoea kuchonga jiwe hana budi kuyajua hayo kabla hajainua mkono. Aidha, mahali pale mabaki ya viboko yalikuwapo, lakini ya tembo yalikuwa machache. Watafiti wamefahamu kutokana na hilo kwamba mifupa ya tembo ililetwa kutoka kwingineko. Kwa hiyo mtu aliuona mfupa mahali fulani, akatambua kwamba utamfaa mahali pengine, akaubeba. Inadhaniwa kwamba zana hizo zilikuwa za kazi nzito, kama kuchanga mizoga na kuvunja mifupa mingine ili kupata uboho.

Atauliza mwanafunzi mwerevu: mtajuaje kwamba si fisi aliyeuvunja mfupa huo? Swali hili ni zuri, na kwa maoni yetu ndilo somo lenyewe. Fisi hutafuna miisho ya mfupa na kuacha alama za meno. Maji ya mto huviringisha na kulainisha. Tembo wenzake hukanyaga. Nyundo huacha kovu penye shabaha, na makovu yakifuatana ukingoni kwa mpango mmoja, katika mfupa mmoja na mwingine na mwingine, bahati haitoshi tena kuwa jibu.

Kwamba swali hilo ni la lazima tunafundishwa na mkasa wa Raymond Dart wa Johannesburg, msomi aliyeitangaza Australopithecus africanus mwaka 1925. Mwaka 1957 alieleza kwamba viumbe wa Makapansgat, Afrika ya Kusini, walikuwa na utamaduni wa mifupa, meno na pembe: mfupa wa mguu ukawa rungu, taya likawa msumeno, pembe ikawa jambia. Maelezo yalisisimua, na kutokana nayo wengi walihitimisha kwamba asili ya mwanadamu ni uuaji. Ndipo C. K. Brain alipokwenda kukusanya mifupa ya mbuzi walioliwa katika vijiji vya kando ya mto Kuiseb, Namibia. Hapakuwa na mtu aliyechagua mifupa ya kutunza. Watu walikula, mbwa wakatafuna, jua likakausha. Hata hivyo sehemu zilizosalia zilifanana sana na zile za Makapansgat, kwa sababu sehemu ngumu husalia na sehemu laini huisha. Rungu na jambia vilikuwa katika macho ya mtazamaji. Tunawaomba walimu wausimulie mkasa huu, maana una faida kuliko orodha ya miaka.

Nasi tujihadhari na kosa la upande wa pili. Tumekwisha kusikia watu wakisema, kwa furaha tunayoielewa, kwamba Watanzania walikuwa mafundi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hawakuwa Watanzania. Wakati huo waliishi huko Homo erectus, na pia Paranthropus boisei, yule ambaye fuvu lake liliokotwa na Mary Leakey mwaka 1959 likaitwa Zinjanthropus. Mtu wa namna yetu alikuwa bado kabisa kutokea. Urithi huu tumekabidhiwa kuutunza, na ni wa wanadamu wote. Utamaduni wa taifa haupungukiwi kitu kwa kusema kweli hiyo. Hupungukiwa unapovikwa joho la kuazima.

Turudi kwenye neno letu. Kiswahili kina neno "sahili", nalo latosha kwa zana isiyo na sehemu nyingi. "Sahili" huieleza kazi. "Duni" humhukumu aliyeifanya. Mwalimu akisema zana ya Olduvai ni sahili, mwanafunzi ataitazama. Akisema ni duni, ataipita. Na tukizifikia zana za baadaye, hata "sahili" yenyewe hulegea. Katika Katanda, kando ya mto Semliki nchini Kongo, zilipatikana chembe za chusa za mfupa zenye miiba iliyochongwa safu kwa safu, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 90,000, ingawa wapo waliobisha. Mvuvi yeyote wa pwani akishikishwa chembe ile ataijua kazi yake bila kuelezwa, na atajua pia kwa nini miiba imeelekea nyuma.

Kwa darasa lisilo na makumbusho karibu, tunashauri mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, mmoja mbichi na mmoja uliokaa juani miezi kadhaa, uvunjwe kwa jiwe na mwalimu mwenyewe, wanafunzi wakiwa mbali kidogo kwa usalama wa macho. Wachore mipasuko yote miwili, kisha wabishane. Mabishano hayo yana kazi nje ya darasa pia, kwa kuwa katika ghala za makumbusho mengi yamo masanduku ya mifupa iliyofukuliwa miongo mingi iliyopita, wakati ambapo kila jiwe liligeuzwageuzwa na mfupa ukaandikwa "mabaki ya chakula". Yawezekana mingine haijatazamwa ukingoni tangu siku ilipopewa namba.