Nyumba ya Padre Majaliwa

Masimulizi ya misheni upande wa kusini, toka Masasi hata Mandawa, yametuzoeza kumwona mmisionari kuwa mtu asiye na jiko. Wazungu wa U.M.C.A. kweli walikuja bila ndoa wala mshahara. Lakini mwaka 1886 Cecil Majaliwa, aliyeokolewa utumwani, alitoka Unguja na mkewe Lucy wakakae Chitangali. Mwaka 1890 akawa padre Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo. Daraja zake twazisoma. Nani alipokea wageni, nani alilea watoto ugenini, twaambiwa kwa nadra. Ndugu, kasoro hii si ya vitabu tu: hata leo twamwita mtumishi mmoja, kumbe tumetuma wawili.