Mwindaji Huchagua Kwanza Pa Kukaa

Mwindaji hodari hajulikani kwa mkuki wala kwa gobore lake. Hujulikana kwa mahali alipojenga. Wengi wetu hujenga tulipopata kiwanja, karibu na barabara au karibu na ndugu. Yeye hutazama kwanza upepo, udongo, maji na miti inayozaa, ndipo achimbe shimo la nguzo ya kwanza. Akikosea hapo, miguu yake italipa maisha yake yote.

Anayetaka kuuona ufundi huo aende kusini mwa Tanzania, kati ya Masasi na Newala. Masasi iko chini, katika nyika iliyo wazi, penye milima ya mawe matupu kama Mkomaindo. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika miguuni pako. Mbele kuna bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Kwa dereva wa basi, Masasi hadi Newala ni safari fupi tu. Kwa mwindaji ni nchi mbili.

Nchi ya chini humtaka mtu ajue kuotea. Kiangazi kikishika, vijito hukauka na wanyama hufuata maji yaliyobaki. Mbawala haachi vichaka vya kando ya mto, kuro haendi mbali na maji, na swala pala huja kunywa kwa wakati wao. Mwindaji wa huko alijenga mbali kidogo na mahali pa kunyweshea, upande ambao upepo wa kusi hautapeleka moshi wa jiko lake wala harufu ya mbwa wake. Kabla ya kutoka alishika jivu na kuliachia vidoleni. Likielekea mtoni, alizunguka. Likimrudia usoni, alikwenda moja kwa moja.

Nchi ya juu haina mto wa kuotea. Udongo wa uwanda ni wa mchanga. Mvua inanyesha, inazama, na maji huja kutokeza kwenye chemchemi za chini ya mteremko. Miaka nenda miaka rudi wanawake wa Newala waliushuka mteremko huo na mitungi na kuupanda tena imejaa, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kwa pampu katika miaka ya 1950. Mgeni huuliza: watu wenye akili zao walichaguaje kukaa mahali pasipo maji?

Wamakonde wana jibu la zamani. Karl Weule, Mjerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliliweka katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908. Mtu mmoja asiyeoga wala kunyoa alitoka katika kichaka cha Mahuta. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mtoto akazaliwa mfu. Wakavuka hadi bonde la Mbwemkuru; wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu kichakani, wa tatu akaishi. Basi baba huyo akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba iwe mwendo wa saa nzima au zaidi kutoka majini.

Wengi husimulia habari hii kueleza asili ya uchongaji wa Wamakonde. Mimi naisikia kama wosia wa mwindaji. Mtu huyo alijaribu makao matatu na kuyapima kwa kilichoishi na kilichokufa. Mabondeni kulikuwa na mbu na mbung'o. Kulikuwa pia na njia za misafara ya watumwa na za wavamizi. Mwaka 1882 wavamizi walioitwa Magwangwara waliishambulia misheni ya Waingereza iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876, na padri Chauncy Maples akaihamishia kazi yake Newala. Padri huyo wa Ulaya na mtu wa kichakani waliafikiana: juu ndiko kwenye uhai.

Na huko juu nyama ilikuwapo. Paa na funo hawana haja ya kushuka mtoni, maana maji yao huyapata katika majani na matunda. Kwa hiyo mwindaji wa kichakani hana budi kuijua miti: upi unaangusha matunda mwezi huu, na ngedere wanakula wapi, kwa sababu funo hupita chini yao akiokota yanayodondoka. Paa ana mazoea yake: hupita kijia kile kile, na kinyesi hukirundika mahali pale pale.

Niliwahi kumfuata mzee mmoja katika kichaka kilichobaki nyuma ya mikorosho yake. Alipiga magoti, akasogeza majani makavu kwa kidole gumba. Vilikuwapo vinyesi kama punje za mtama. Vya juu vyeusi vinang'aa, vya chini vimekauka na kuwa kijivu. Kisha akanionyesha upenyo wa kimo cha goti katikati ya matawi. Nilikuwa nimepita hapo nimesimama wima, nisione kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Zamani, alisema, tanzi lingelala katika upenyo ule, kamba yake ikivutwa na mti mchanga uliopindwa. Lakini mitego ilikuwa michache, yote katika mzunguko ambao mtu huumaliza alfajiri kabla ya kwenda shamba. Mtego ulio mbali na nyumba ni chakula cha fisi. Ndiyo maana kuchagua pa kukaa kulitangulia kila kitu: nyumba ndiyo iliyopanga mitego.

Mpango huo umevunjika. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu barabarani, mikorosho ikala kichaka, na leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni. Wanyama wakubwa wamebaki zaidi katika mapori ya akiba, Msanjesi na Lukwika-Lumesule. Siombi mitego irudi. Waya unaotegwa siku hizi hauchagui: unanasa jike mwenye mimba na mbwa wa jirani.  

Ninachoomba ni kwamba maarifa haya yasizikwe na wazee. Kijiji cha Newala au Masasi kinachopanga matumizi ya ardhi yake kimwite mzee mwindaji kabla ya mpima ardhi kuchomeka vigingi. Aulizwe maji yanatokeza wapi, upepo unapita wapi, na kichaka kipi kisiguswe ili paa wapate pa kuzaa. Kisha kichaka hicho kiandikwe katika mpango wa kijiji, na kiachwe.