Mnyonya Damu Anayekufa kwa Kushtuka

Katekista mmoja wa Fizi ametuuliza kama ni halali vijana wa parokia kuchekea filimu ya mnyonya damu. Kwanza tulitaka kumjibu kwa neno moja tu. Kisha tukaona afadhali tuitazame wenyewe, basi tukaitazama kule Baraka pamoja na vijana, katika telefoni ya mmoja wao, mwingine akitugeuzia maandiko ya Kifaransa kuwa Kiswahili.

Ni filimu ya katuni ya Wajapani. Jina lake kwa lugha yao ni Kyuuketsuki Sugu Shinu, maana yake mnyonya damu hufa upesi. Bwana Itaru Bonnoki alianza kuichora gazetini mwaka 2015. Kampuni ya Madhouse ikaifanya filimu, vipande 12 mwaka 2021 na vingine 12 mwaka 2023.

Draluc, mnyonya damu mwenye umri kupita miaka 200, anakaa katika jumba lake kubwa. Mwindaji Ronald anakuja kumwua. Lakini kazi imekwisha kabla ya kuanza: Draluc akipigwa anakufa, akishtuka anakufa, akitukanwa anakufa. Anageuka majivu papo hapo, kisha majivu yanakusanyika tena, naye anaendelea na majivuno yake. Jumba linapasuka, na huyu bwana anahamia kwa adui yake. Tena mwindaji mwenyewe, shujaa wa bunduki, anatetemeka akiona seleri, mboga ya supu!

Mchezo ule ule unarudiwa mara nyingi sana, wala hauchoshi. Sababu ni John, mnyama mdogo wa Draluc mwenye magamba mgongoni, anayefanana kidogo na kakakuona wa misitu yetu. Kila mara bwana wake anapokuwa majivu, John analia kwa uchungu, kana kwamba ni mara ya kwanza. Bila machozi yale tungekuwa tunachekea kipigo tu.

Wanyonya damu wengine wa filimu hii wanapenda maneno machafu na kuvua watu nguo. Vipande vile tuliviruka, wala hatukukosa kitu.

Lakini swali la katekista lina mizizi mirefu zaidi. Wakati wa Wabelgiji watu wa Katanga waliogopa batumbula. Pwani walisema mumiani. Rodezia ya Kaskazini walisema banyama, na Mapadri Weupe wenyewe walishukiwa. Bibi Luise White aliandika kitabu juu ya hayo mwaka 2000. Na mwaka 2017 kule Malawi makundi ya watu yaliwaua wenzao waliodhaniwa kunyonya damu.

Vijana wanasema ukimchekea, hofu inakwisha. Sisi hatuamini. Draluc anavaa joho, anajulikana toka mbali. Mtumbula hana alama: ni mgeni mwenye motokari, ni muuguzi mwenye sindano. Basi, katekista, waache wacheke, ila usidhani kazi yako imekwisha. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu alichekea ile seleri mpaka machozi. Kisha akasikia ya kwamba kesho wauguzi watapita kupima malaria. Akanyamaza kidogo, akauliza:

— Padri, ile damu wanayoitoa, wanaipeleka wapi?

Vijana wakazima telefoni, tukaanza kumweleza.