"Tous risques": jina kubwa, ulinzi wenye mipaka

Kuna maandishi wengi wetu tunatia sahihi bila kuyasoma: kontra ya asiransi ya gari. Leo tuichambue vile tunachambua kitabu, juu neno moja ndani yake linaweza kukuachia gari imebomoka mbele ya nyumba na mufuko mutupu.

Kwanza tuondoe kosa moja. Ile karatasi polisi wa barabarani anakuuliza ni ya asiransi ya lazima, iliyowekwa na sheria ya 1973. Inalipa hasara uliyomuletea mwengine: mutu uliyemugonga, ukuta wa jirani, gari ya mwenzako. Kwa gari yako, hata franga moja. Unaweza kuwa na karatasi zote sawasawa na fundi umulipe mwenyewe.

Kulinda gari yako ni asiransi ingine, ya hiari. Ya bei ya chini inalipa tu kama umegongana na mutu ama gari inayojulikana. Ukigonga nguzo, ama mwenye kukugonga akikimbia, basi. Ya bei ya juu ndiyo inaitwa "tous risques", ni kusema hatari zote.

Hapa njo uchambuzi wangu unaanzia. Jina hilo ni neno zaifu kuliko yote katika kontra. Ukurasa wa kwanza unaahidi "zote", halafu kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo, zinapunguza. Kwa kawaida dereva mulevi ao asiye na permi halipwi. Hilo ni haki. Lakini mara nyingi vita, fujo na misiba ya asili viko inje pia, isipokuwa ukilipa zaidi. Mutu wa Goma aliyeona Nyiragongo ikilipuka tarehe 22 Mei 2021 anajua kama hizo si hatari za mbali. "Zote" isiyohesabu volkano pale Goma ni "zote" gani?

Tena kuna hesabu. Tuseme gari yako ina samani ya dola 10 000, na franshizi, ile sehemu unayobeba mwenyewe, ni dola 500. Ikiharibika kwa dola 400, haupate kitu. Kwa dola 2 000, unapata 1 500. Franshizi siilaumu: bila hiyo kila mukwaruzo ungepelekwa kwa asiransi, na bei ingepanda kwa wote.

Mutego mubaya ni ule tunajitegea wenyewe. Ili kupunguza bei, mutu anatangaza kama gari ni ya dola 6 000. Kampuni inaweza kutumia kanuni ya ulinganifu: umelinda asilimia 60, unalipwa asilimia 60. Ile hasara ya 2 000 inakuwa 1 200, na ukitoa franshizi unabakia na 700. Na gari ikifia kabisa, mara nyingi wanalipa samani yake ya siku ile, hapana bei uliyoinunulia.

Inje ya jina, kosa kubwa la maandishi haya ni luga. Yako katika Kifaransa cha wanasheria, na muuzaji anakueleza bei tu. Mama anayeuza vitenge na amenunua gari kwa jasho lake atasoma vipi? Ukurasa mumoja wa Kiswahili, wenye kuandika wazi "hivi hatulipe", ungetosha. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza utawala wa peke wa SONAS, na tangu 2019 kampuni za kibinafsi zilipata ruhusa ya kufanya kazi. Sasa tunaweza kuchagua. Lakini mwenye kuchagua bila kusoma anachagua bei tu.

Siseme asiransi hii ni bure. Kwa gari mupya, ama ya deni, inaweza kukuokoa. Kwa gari ya zamani, linganisha kwanza bei ya mwaka na kile wangekulipa ikiharibika.

Sisi tuliosoma, jamaa wanatuletea karatasi kila siku: "soma hii, mwanangu." Basi tuanze na ukurasa wa vile visivyolipwa. Tuulize franshizi ni ngapi, na gari inahesabiwa samani gani. Muuzaji asipojibu kwa maandishi, kalamu ibakie mufukoni.